Masinde Muliro: Mwana wa Matili aliyejenga jina kwa vitendo

WANAOSOMEA taaluma ya uhusiano wa umma hufundishwa mapema kwamba jina jema ni mali, na kwamba mali hiyo hukusanywa kwa miaka mingi na yaweza kupotea kwa siku moja. Hufundishwa pia kwamba kampuni ina deni kwa jamii inayoizunguka, na deni hilo halilipwi kwa matangazo.

Mafunzo hayo aghalabu hutolewa kwa mifano ya ng'ambo. Mwanafunzi wa Kitale au Bungoma husoma habari za reli za Marekani na viwanda vya Uingereza, ilhali katika ardhi aliyozaliwa aliishi mtu ambaye maisha yake yanafundisha somo lilo hilo kwa lugha anayoielewa vyema zaidi.

Mtu huyo ni marehemu Henry Pius Masinde Muliro, mwanasiasa aliyefariki Agosti 14, 1992 akiwa na umri wa miaka 70. Asichanganywe na Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa aliyetoka pia upande wa Kimilili na ambaye historia yake ni nyingine kabisa.

Muliro hakuwahi kuajiriwa kama afisa uhusiano. Hata hivyo, kwa miaka 35 aliishi mbele ya umma, akatumikia serikali ya mpito na ile ya Kenya huru, akapandishwa cheo na kushushwa, na mwishowe akaaminiwa na watu waliokuwa wamekwisha kupoteza imani kwa wanasiasa wengi. Maisha yake yanauliza swali moja: jina jema lina bei gani, na ni nani anayeilipa?

Alizaliwa Juni 30, 1922 katika kijiji cha Matili, eneo la Kimilili, ambalo sasa liko katika Kaunti ya Bungoma. Baba yake alikuwa Muliro Kisingilie na mama yake Makinia. Wazazi wote wawili walifariki angali mdogo, akalelewa na kaka yake mkubwa.

Elimu yake aliipata katika shule za misheni ya Kikatoliki, zikiwemo St Mary's ya Yala na St Peter's ya Tororo, nchini Uganda. Kwa yatima wa kijijini katika enzi hizo, kufika huko pekee kulikuwa ufanisi mkubwa.

Mnamo 1949 alijiunga na Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, ambako alisomea historia, falsafa ya siasa na elimu. Ulikuwa mwaka mmoja tu tangu chama cha National kitwae mamlaka na kuanza kuigeuza sera ya ubaguzi wa rangi kuwa sheria, moja baada ya nyingine.

Chuo hicho kilikuwa miongoni mwa vichache vilivyowapokea wanafunzi weusi, na idadi yao ilikuwa ndogo. Nje ya madarasa, Muliro alishuhudia serikali iliyotumia sheria, magazeti na polisi kuwaaminisha watu wake kwamba dhuluma ni utaratibu wa kawaida. Alishuhudia pia, mnamo 1952, maelfu ya Waafrika wakizivunja sheria hizo kwa makusudi na kukubali kufungwa gerezani.

Alirejea nyumbani mwaka 1954 akiwa na shahada na mke kutoka Afrika Kusini. Alifundisha kwa muda katika Shule ya Wasichana ya Alliance, kisha akahamia Chuo cha Walimu cha Siriba, Maseno.

Kenya aliyoikuta ilikuwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Chama cha Kenya African Union kilikuwa kimepigwa marufuku, na Waafrika waliporuhusiwa tena kuunda vyama mwaka 1955, waliruhusiwa kufanya hivyo katika ngazi ya wilaya pekee. Mwanasiasa hakuwa na chombo cha kitaifa cha kupitishia ujumbe wake. Ilimbidi atembee kwa miguu na baiskeli, azungumze na watu sokoni, kanisani na matangani.

Machi 1957 Waafrika walipiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Kura haikuwa ya kila mtu. Ilitegemea elimu, mapato na umri, na wengine waliruhusiwa kupiga zaidi ya kura moja.

Muliro aliacha ualimu akawania kiti cha Nyanza Kaskazini, na akambwaga W.W.W. Awori, mtu maarufu aliyekuwa tayari mjumbe wa baraza hilo. Alikuwa mmoja wa Waafrika wanane waliochaguliwa mwaka huo, pamoja na Tom Mboya, Oginga Odinga, Ronald Ngala, Daniel arap Moi, Bernard Mate, Lawrence Oguda na James Muimi.

Wanane hao walikataa nyadhifa za uwaziri chini ya katiba iliyowapa Wazungu wachache uzito kuliko Waafrika wengi. Kwa mtu aliyetoka tu katika mshahara wa mwalimu, kukataa cheo hakukuwa jambo dogo. Lakini kuanzia hapo wapigakura walijua kwamba neno la mjumbe wao halikuwa likiuzwa.

Mnamo 1959 Muliro aliongoza kuundwa kwa Kenya National Party, chama kilichofungua milango kwa watu wa rangi zote. Odinga na Mboya walishikilia kwamba vita vya uhuru vingeongozwa na Waafrika wenyewe, nao wakaunda kundi lao. Muliro alishambuliwa kwa msimamo wake, lakini hakuuficha ili apendwe.

Baada ya mkutano wa Lancaster House, London, mwanzoni mwa 1960, vyama viwili vikubwa vilizaliwa. Muliro alikuwa naibu wa Ngala katika Kadu, chama kilichohofia kwamba jamii ndogo zingemezwa na zile kubwa zilizokuwa Kanu, na kilichopigania mfumo wa majimbo.

Historia haijamaliza kuihukumu Kadu. Wapinzani wake walisema majimbo yalikuwa njia ya kuligawa taifa na kuwalinda walowezi wa Kizungu. Watetezi wake walisema yalikuwa kinga dhidi ya utawala wa watu wachache jijini Nairobi. Wakenya walipopitisha katiba ya 2010 na kuunda kaunti 47, sehemu ya hoja ya Kadu ilirudi kwa sura nyingine, miaka 18 baada ya Muliro kufariki.

Katika serikali ya mpito ya 1962 Muliro alikuwa Waziri wa Biashara na Viwanda. Lakini suala lililomgusa zaidi lilikuwa la nyumbani: ardhi ya Trans Nzoia.

Kuanzia baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni ilikuwa imewagawia walowezi tambarare hizo zenye rutuba kati ya Mlima Elgon na milima ya Cherangani. Kitale ikawa mji wao wa biashara, na reli ikafika huko miaka ya 1920. Waafrika waliishi mashambani humo kama maskwota, wakitoa jasho lao wapate mahali pa kupanda mahindi na kulisha ng'ombe wachache.

Uhuru ulipokaribia, walowezi walianza kuuza. Swali likawa ni nani atakayenunua, na mji wa Kitale utakuwa katika eneo gani. Swali hilo liliwasha mvutano ndani ya Kadu yenyewe, Muliro akiwa upande mmoja na Moi upande wa pili. Hatimaye Trans Nzoia ilibaki katika Bonde la Ufa. Muliro hakuvunja chama wala kuwachochea watu wake dhidi ya majirani.

Badala yake, alikuwa miongoni mwa viongozi waliowahimiza wananchi kuchanga fedha na kununua mashamba kwa pamoja. Mtu mmoja asingeweza kumudu bei ya shamba la mlowezi, lakini familia nyingi zikiweka akiba mahali pamoja, kila moja ikiwa na hisa zake, ziliweza. Familia nyingi kutoka Bungoma ziliingia Trans Nzoia kwa njia hiyo, na watoto wao wakazaliwa wakiwa wenye ardhi.

Si vikundi vyote vya aina hiyo vilivyofanikiwa nchini. Baadhi ya viongozi wa kampuni za ardhi waliuza hisa kuliko ekari zilizokuwepo, na wanachama wakasubiri hatimiliki miaka nenda miaka rudi. Hapo ndipo mwanafunzi wa uwajibikaji wa kampuni kwa jamii anapopata somo lake la kwanza: daftari la wanachama na la hesabu ndilo mkataba wa kwanza kati ya kampuni na watu, na likifichwa hakuna hotuba itakayoziba pengo hilo.

Kadu ilijivunja kwa hiari Novemba 1964 na kujiunga na Kanu. Baada ya uchaguzi wa 1969, Rais Jomo Kenyatta alimteua Muliro kuwa Waziri wa Ushirika na Huduma za Jamii.

Wizara hiyo ilimfaa. Chama cha ushirika ni biashara ambayo wateja wake, wafanyakazi wake na wenye hisa wake aghalabu ni watu wale wale. Wakulima wa kahawa katika miteremko ya Mlima Elgon walipeleka mbegu zao kwenye kiwanda cha chama, na mapato yakitafunwa na viongozi, mwenye kuibiwa alimjua mwizi kwa jina. Katika biashara ya namna hiyo, kuwajibika kwa jamii si hisani inayotolewa mwishoni mwa mwaka. Ndiyo biashara yenyewe.

Nadharia za Magharibi zilikuwa zikifikia wazo hilo kwa njia ya mbali. Mwaka 1953, Muliro akiwa bado Cape Town, msomi Mmarekani Howard Bowen alitoa kitabu kuhusu wajibu wa mfanyabiashara kwa jamii, ambacho wengi hukihesabu kuwa mwanzo wa taaluma hiyo. Mwaka 1991 Archie Carroll alichora piramidi yenye ngazi nne: kampuni ipate faida, itii sheria, itende haki, kisha ndipo itoe msaada. Kampuni nyingi huanzia ngazi ya juu na kupiga picha hapo, kabla ya kuzikamilisha zile za chini.

Bungoma na Kitale zina mifano yao. Kampuni ya Kenya Seed, iliyoanzishwa Kitale mwaka 1956, ilisambaza mbegu za mahindi chotara kuanzia miaka ya 1960, zikaongeza mavuno ya mkulima mdogo na yule mkubwa. Huduma yake kubwa kwa jamii ilikuwa bidhaa yake yenyewe, ilipokuwa safi na kufika kwa wakati.

Katika miaka ya 1970 Bungoma ilipata viwanda viwili vikubwa. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilianza uzalishaji mjini Webuye mwaka 1974, nayo Kampuni ya Sukari ya Nzoia iliundwa mwaka 1975 na kuanza kusaga miwa mwaka 1978. Pan Paper iliajiri maelfu na kuifanya Webuye kuwa mji, huku wakazi wakilalamikia harufu, moshi na maji machafu yaliyoingia Mto Nzoia.

Kiwanda hicho kilipofungwa mwaka 2009, biashara za mji zilidorora pamoja nacho. Watu waliokuwa wakilalamikia moshi wakabaki wakiulilia. Nayo timu ya soka ya Nzoia Sugar ililitangaza jina la kampuni kote nchini, lakini mabao hayakumlisha mkulima aliyecheleweshewa malipo ya miwa yake. Jamii hukumbuka mambo yote mawili, na huyapima kwa mizani moja.

Mizani ya Muliro mwenyewe ilikuja mwaka 1975. Baada ya uchaguzi wa 1974 alikuwa Waziri wa Ujenzi, wizara yenye barabara, majengo na kandarasi, na ambayo mwanasiasa yeyote angetamani kuikalia kwa muda mrefu.

Machi 1975 Mbunge wa Nyandarua Kaskazini, Josiah Mwangi Kariuki, maarufu kwa jina JM, aliuawa na mwili wake ukapatikana katika milima ya Ngong. Bunge liliunda kamati teule kuchunguza mauaji hayo, ikiongozwa na Elijah Mwangale, mbunge mwingine kutoka Bungoma. Ripoti yake iliwanyooshea kidole maafisa wa usalama na kuishutumu polisi kwa kuvuruga uchunguzi.

Serikali haikutaka Bunge liikubali ripoti hiyo. Mawaziri na manaibu wao walitarajiwa kupiga kura pamoja na serikali, kwa mujibu wa kanuni ya uwajibikaji wa pamoja. Juni 1975 kura zilihesabiwa na serikali ikashindwa kwa kura 62 dhidi ya 59.

Muliro alikuwa upande wa wale 62. Mawaziri wasaidizi John Keen na Peter Kibisu walifanya vivyo hivyo. Wote watatu walifutwa kazi papo hapo.

Angeweza kutokuwepo siku hiyo. Angeweza kuwa safarini, au kuugua, kama wanasiasa wajuavyo kuugua siku za kura nzito. Tofauti ya kura ilikuwa 3 pekee, na kila aliyeinua mkono alijua anachokihatarisha. Miezi michache baadaye, Oktoba, wabunge Martin Shikuku na Jean-Marie Seroney walikamatwa ndani ya majengo ya Bunge na kuwekwa kizuizini.

Kwa hesabu za cheo, Muliro alipata hasara. Hakurudi tena katika meza ya mawaziri. Kwa hesabu za jina, siku hiyo aliweka akiba ambayo angeitumia miaka 16 baadaye.

Miaka ya 1980 haikuwa rahisi kwake. Juni 1982 katiba ilibadilishwa kwa kipengele cha 2A, Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kisheria. Mwaka 1988 wapigakura walipanga foleni nyuma ya wagombea katika uchaguzi wa mlolongo, ambapo foleni fupi ziliweza kutangazwa kuwa ndefu. Sauti ya serikali ilitawala redio, na waliotofautiana nayo waliitwa wasaliti.

Serikali ya wakati huo ilikuwa na vyombo vyote vya kujitangaza. Ilichokosa ni kuaminiwa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Agosti 1991 watu sita walitangaza kuundwa kwa Ford, jukwaa la kudai kurejeshwa kwa demokrasia. Walikuwa Oginga Odinga, Masinde Muliro, Martin Shikuku, Philip Gachoka, George Nthenge na Ahmed Bahmariz. Idadi hiyo ndogo ilikuwa ya makusudi, kwa kuwa sheria iliwataka watu 10 au zaidi wanaounda chama wakisajili kwanza. Sura zao pia zilipangwa: kila mmoja alitoka upande wake wa nchi, na karibu wote walikuwa wazee wasiokuwa na cha kupoteza.

Mkutano walioitisha uwanjani Kamukunji, Nairobi, Novemba 16, 1991 ulizimwa na polisi, na viongozi kadhaa wakakamatwa. Siku chache baadaye wafadhili waliokutana Paris walisimamisha misaada mipya kwa Kenya. Desemba mwaka huo kipengele cha 2A kikafutwa, na Januari 1992 umati mkubwa ukafurika Kamukunji kuwasikiliza viongozi wa Ford, safari hii kwa ruhusa ya sheria.

Lakini furaha hiyo ilikuja na majonzi. Ghasia za kikabila zilizoanza katika Bonde la Ufa mwishoni mwa 1991 zilienea hadi Trans Nzoia na Mlima Elgon. Nyumba zilichomwa, watu wakauawa, na familia zilizonunua ardhi kwa akiba zao zikakimbilia makanisani na sokoni. Ujirani ambao Muliro aliuhubiri kwa miaka 30 ulikuwa ukiteketea karibu na mlango wake.

Ndani ya Ford nako, mvutano ulizidi kuhusu nani angepeperusha bendera ya urais. Odinga alitaka, Kenneth Matiba alitaka, na Muliro naye alitajwa. Wengi walimwona kuwa mtu wa katikati, aliyeweza kuketi na pande zote kwa kuwa hakuwa amemhadaa yeyote.

Agosti 14, 1992 alitua katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta akitoka London, akaanguka na kufariki. Alizikwa Trans Nzoia, katika ardhi ile ile aliyoitafutia wenyewe wapya. Miezi miwili baadaye Ford ilikuwa imepasuka kuwa Ford-Kenya na Ford-Asili, na Desemba Moi akashinda uchaguzi kwa takriban asilimia 36 ya kura, wapinzani wakigawana zilizosalia.

Jina lake halikuzikwa naye. Chuo cha Kakamega kilichoanzishwa mapema miaka ya 1970 kwa michango ya harambee ya wananchi wa Magharibi kilipandishwa hadhi mwaka 2007 na kuitwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro. Mjini humo pia kuna bustani ya umma yenye jina lake.

Muliro hakuwa malaika. Alikuwa mwanasiasa aliyebadili vyama, aliyekaa serikalini na kunufaika na nafasi za wakati wake, na msimamo wake kuhusu majimbo ungali unabishaniwa. Lakini katika siku ambazo ukimya ungemlipa, alisema, na gharama akaibeba mwenyewe bila kuitupa kwa wengine.

Kwa kijana wa Kitale au Bungoma anayejiandaa kuwa msemaji wa kampuni, kaunti au wizara, hilo ndilo somo la kubeba. Siku itafika atakapotakiwa kuupamba uongo kwa maneno matamu, au kupiga picha za mifuko ya unga ilhali wakulima hawajalipwa. Siku hiyo ndiyo itakayompa jina, na vijiji vya Matili, Webuye na Cherangani vitakuwa vikimtazama.